Dirisha Linalofungukia Ndani

Mama Nafula alinipigia simu mwaka jana, mvua za masika zilipokwisha, kuniuliza kama ninauza shata za madirisha. Nikamwambia ninazo, ila hapa Tanga nawauzia wenye maduka, sijawahi kumfungia mtu chumbani kwake. Akacheka. "Shem, hapa kwangu kuna chumba ya wageni na mgeni hakai siku mbili. Dirisha ni kubwa kama ya kanisa, na mzee amekataa pazia miaka yote. Jua likitoka, mgeni anaamka na kuku. Wengine wanapigilia blanketi yangu na misumari. Mimi nimechoka na misumari." Mzee anayemsema ni mumewe, Wafula, niliyeishi naye chumba kimoja Doha tulipokuwa vijana. Nikamuuliza kama Wafula anajua kwamba amenipigia. "Ndiye amesema nikupigie," akajibu. "Amesema siku hizi hakuna haja tena." Hapo nikavuta kiti nikakaa. Rajabu, mwenzetu wa tatu wa chumba kile, alikuwa amefariki kwao Pemba miezi michache nyuma, na mimi ndiye niliyempa Wafula habari. Sikutaka kuingia katika hayo kwa simu, nikauliza swali la kifundi tu, ingawa jibu lake nilikuwa nalo: dirisha hilo linafungukia nje au ndani? "Ndani," akasema Mama Nafula. "Na mafundi wote wa huku walituona wajinga."

Kazi ya madirisha nilifundishwa Doha, na aliyenifundisha ni Rajabu. Tulikuwa mafundi wa duka moja la mapazia pale Al Sadd, yeye Mpemba mrefu mwenye viganja vipana kama sinia, mimi Mtanga niliyefika bila kujua hata kushika drili. Ilikuwa katikati ya ile miaka ya elfu mbili. West Bay minara ilikuwa ikiota kama uyoga, na kwa kila mnara palikuwa na Wazungu waliohitaji mahali pa kulala. Nyumba zao zilijengwa kwa ramani za kila taifa, ndiyo maana ungekuta mtaa mmoja una madirisha ya Kijerumani na wa jirani yake una ya Kimarekani, na wapangaji wamepangwa kinyume. Nusu ya kazi yetu ilikuwa kumtafutia giza Mjerumani aliyepewa nyumba ya Kimarekani, na nusu nyingine kumtafutia mwanga Mmarekani aliyepewa nyumba ya Kijerumani.

Tofauti zenyewe Rajabu alinieleza ndani ya gari la duka, taratibu, kama ustadhi anayefundisha kutia udhu. Dirisha la mtu wa Ulaya ni mlango mdogo. Lina bawaba na mkono. Ukiuzungusha mkono huku, dirisha zima linakujia kifuani, ukiuzungusha kule, linainama kwa juu tu, hewa ipite. Asubuhi lazima alifungue, hata Doha, hata mwezi wa saba, hewa ibadilike, kisha alifunge na kuwasha kiyoyozi. Usiku anataka giza totoro, na giza hilo halipati kwa pazia bali kwa shata, vipande vya bati au plastiki vilivyoungana, vinavyoteremka nje ya kioo kwa mkanda unaouvuta ukiwa ndani. Mmarekani hana habari na hayo. Dirisha lake hupanda na kushuka, nje lina wavu wa wadudu ambao Doha hawapo, na aghalabu halifunguliwi mwaka mzima. Chake ni blaindi, vile vibao vyembamba vilivyopangana, vinakaa ndani, vimechomekwa katikati ya fremu. Unaviinamisha kwa kijiti na jua linaingia kwa mistari. Analala na mistari hiyo usoni na hana neno. "Sasa wewe usiulize nani mjinga," Rajabu alinionya. "Uliza yupi ndiye mwenye nyumba." Msimamizi wetu, Biju, Mhindi wa Kerala, hakuwa na subira na elimu hiyo. Kila asubuhi alituambia neno lile lile: dirisha ni shimo, nendeni mkapime shimo mrudi.

Chumba chetu sisi kilikuwa Muaither, pembeni mwa mji, ndani ya villa kuukuu iliyogawanywa kwa mbao mpaka sebule ikawa vyumba vitatu na stoo ikawa cha nne. Tulikuwa na vitanda vitatu, meza moja, jiko la umeme ambalo tulikatazwa kuwa nalo, na dirisha moja lililotazama magharibi. Tulipohamia, dirisha lile lilikuwa limebandikwa karatasi ya fedha, ile foili ya kufungia vyakula, kutoka juu hadi chini. Yeyote aliyepita mitaa ya wafanyakazi kule anazijua foili hizo. Ukiona dirisha linang'aa mchana ujue ndani kuna mtu wa zamu ya usiku anayepigana na jua. Rajabu aliweka begi lake chini na kabla hajakaa akaanza kuibandua kwa kucha. "Mie nisipoona nje, yakhe, naona nishatiwa mwanandani," akasema. Mwanandani ni ile nafasi ya ubavuni mwa kaburi anapolazwa maiti wa Kiislamu. Nilidhani ni maneno ya Wapemba, ambao hupenda kukuza mambo. Baadaye nilimwona akiamka usiku, akitazama dirishani mpaka aone taa ya barabarani, na kurudi kulala, nikajua hakuwa akinitania.

Wafula akaja baada yetu. Alikuwa mlinzi wa mnara mmoja West Bay, Mkenya wa Bungoma, mnene wa shingo na mpole wa sauti, zamu yake usiku. Kampuni yake ilikuwa na kambi iliyojaa, ikawaruhusu wengine wajitafutie. Alirudi asubuhi ya kwanza wakati sisi tunatoka, akavua viatu, akatazama dirisha tupu, akatutazama sisi. "Sasa hapa mtu analala aje?" akauliza. "Mchana hii jua si itanipiga mpaka ndani ya mfupa?" Rajabu akamwambia pole, mwenzangu, jua ni la Mungu. Wafula hakubishana. Alijifunika blanketi gubigubi kwenye joto lile, na tuliporudi tulimkuta ameloa jasho kama aliyetoka kuogelea, macho mekundu. Hivyo ndivyo tulivyoanza kuishi pamoja, na nikitazama nyuma nashangaa hatukupigana.

Mlo wetu wa pamoja ulikuwa mmoja, wakati wa magharibi. Sisi tumerudi kazini na kuswali, Wafula ndiyo kwanza anaamka. Kwetu ni chakula cha jioni, kwake ni kifungua kinywa, kwa hiyo mezani palikuwa na wali na samaki, na pembeni chai ya maziwa yenye iliki na mkate. Wafula alikula wali kwa chai, na hakuna aliyemwambia kitu. "Mmeamkaje?" alituuliza kila siku, na Rajabu kila siku alimjibu, "Tumeshinda salama." Mazungumzo yalikuwa ya madirisha zaidi ya watu wanavyoweza kuamini. Rajabu angesimulia habari za mama fulani wa Kifaransa aliyetaka hiki, na mzee fulani wa Texas aliyetaka kile, wakati Wafula akisikiliza na kutikisa kichwa. "Nyinyi mnaongea Ulaya na Amerika," alisema siku moja. "Kwetu dirisha ni nondo. Hao watu wote wawili hawajui mwizi." Tulicheka sana. Lakini baada ya kucheka akatuambia jambo ambalo hakuwa amelisema. Alikuwa ameshakutwa amesinzia kwenye kiti cha lindo, akaonywa, na onyo lenyewe lilikuwa la mwisho. Wakimkuta tena, khalasi, anapandishwa ndege. Kwao alikuwa na kiwanja na msingi wa nyumba uliokwisha kuota majani. Hakulalamika juu ya dirisha. Alitaja tu kwamba tangu ahamie hajalala usingizi wa maana. Rajabu aliacha kula.

Msaada wa kwanza uliletwa na kosa. Mama mmoja wa Kijerumani, mkazi wa nyumba nzuri ng'ambo ya West Bay, aliagiza blaindi za chumbani, maana shata alikuwa nazo za nje na mchana alitaka kivuli cha wastani. Vipimo alichukua Biju mwenyewe, na Biju alipima shimo. Sisi wiki nzima tulikuwa kwenye nyumba za Wamarekani, mikono imeshazoea, tukazichomeka blaindi ndani ya fremu, zimekaa sawasawa, hata unywele haupiti. Mama akaja, akatushukuru, akashika mkono wa dirisha ili aingize hewa. Dirisha likaja ndani na kuzikunja zile blaindi katikati. Akalifunga. Akalifungua tena taratibu, kama anayetaka kuhakikisha habari mbaya, nalo likakwama pale pale. "Kwa hiyo sasa," akasema kwa Kiingereza chake cha polepole, "nina picha ya dirisha." Hakupiga kelele. Mumewe alichungulia, akasema kwamba Wamarekani ndivyo wanavyoishi, na mkewe akamjibu kwamba Wamarekani wakae na hewa yao ya jana. Tuliziondoa. Kwa kuwa zilikwishakatwa kwa kipimo na zimepinda, Biju alisema zitupwe, na Rajabu akaomba azitupe yeye. Jioni hiyo zilikuwa dirishani kwetu Muaither.

Hazikusaidia. Blaindi hazikuumbwa kwa ajili ya mlinzi wa zamu ya usiku. Uzifunge uwezavyo, jua la alasiri linapata njia, na Wafula alilala akiwa na mistari kutoka paji la uso hadi miguuni. "Nimekuwa punda milia," alituambia, akimimina chai. "Jana nimesinzia nimesimama. Nimesimama, mnanisikia? Kama farasi." Alitania, lakini aliendelea kumimina mpaka chai ikamwagika kwenye sahani. Niliogopa kwa niaba yake. Rajabu alizungusha kile kijiti cha blaindi huku na huko, vibao vikafunguka na kufunga, akasema, "Hapa dawa ni ya Kijerumani."

Tulingoja, na dawa ikapatikana kwa Mmarekani. Familia moja kutoka huko ilihamia villa iliyojengwa Kijerumani, na mama mwenye nyumba alikuwa hazitaki zile shata. "Kila jioni nikiziteremsha naona kama nafunga duka," alituambia. Mumewe, aliyekuwa akinywa kahawa mezani, akasema hajawahi kulala vizuri maishani mwake kama kwenye giza lile. "Umelala mpaka umechelewa kazini," mkewe akamwambia, na akatuelekeza tuanzie juu. Tuliziondoa zote. Moja Rajabu aliikata vipande vya pembeni ikatosha dirisha letu, na siku ya Ijumaa tukaifunga kwa nje, ukutani, kama inavyotakiwa, mkanda tukaupitisha ndani kwenye tundu. Msudani aliyesimamia ile villa yetu alikuja kutuuliza tunafungua duka la nini. Tulipoiteremsha mara ya kwanza nilisahau mlango uko wapi. Sijaona giza kama lile mchana, wala kabla wala baadaye. Wafula alikaa kitandani katikati ya giza hilo, hatumwoni, tukamsikia akisema taratibu, "Asanteni, bana." Siku iliyofuata alilala mpaka tukamwamsha kwa chakula. Rajabu naye hakupoteza kitu, maana usiku Wafula hayupo, yeye anaipandisha juu na kulala na taa yake ya barabarani. Miezi ile ilikuwa mizuri. Wafula alinenepa, akaanza kuzungumza habari za matofali, na mudiri wake, bosi wa walinzi, akamsifu mbele ya wenzake.

Halafu Rajabu akaanguka. Ilikuwa dukani Al Sadd, anatundika pazia la maonyesho, ngazi ikateleza kwenye marumaru, mguu wake ukavunjika chini ya goti. Hospitali walimfunga plasta ngumu kutoka pajani, na duka likamwambia akae nyumbani mpaka apone. Nyumbani ni chumbani. Ilikuwa kiangazi, uani hapakaliki, hakuna hata kivuli cha waya. Ukumbini walilala Wanepali, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule, na mtu mwenye magongo hana pa kupita. Kwa hiyo tangu Wafula arudi asubuhi mpaka aamke magharibi, Rajabu alilala mita chache kutoka kwake katika giza la Kijerumani alilolifunga kwa mikono yake. Nilimuuliza siku za mwanzo kama anaweza kulivumilia. Akasema hospitali wamempa vidonge vya maumivu, vinamlaza, hajui kama kumekucha. Wafula akauliza vile vile, akapata jibu lile lile, na sote wawili tukaliamini kwa sababu lilitufaa. Rajabu alikonda, lakini mtu aliyevunjika mguu hukonda. Wakati wa chakula alikuwa wa kwanza kuomba mlango wa nje ufunguliwe, na alikula akiwa amegeuzia uso wake huko.

Kazi za juani Doha husimama mchana wa kiangazi, na siku moja Biju, badala ya kutuweka dukani, alituruhusu twende zetu. Nilifika Muaither alasiri, nikafungua mlango wa chumba polepole nisimwamshe Wafula. Shata haikuwa imekaza. Zile shata zina siri moja: vipande vyake visiposhushwa hadi kukandamizana huachana kidogo, na kati ya kipande na kipande huonekana vitundu vidogo kama vya chujio. Rajabu alikuwa ameilegeza kiasi cha safu moja tu, ya chini kabisa, upande ulio mbali na kitanda cha mwenzake. Jua la magharibi lilipita hapo likaanguka sakafuni nukta nukta. Alikuwa ameshuka kitandani na ule mguu mzito, amelala ubavu kwenye saruji, na kiganja chake kipana amekifungua chini ya zile nukta. Jua liliposogea, naye alikisogeza. Hakunisikia. Nilipoinua macho nikaona kwamba Wafula hajalala. Alikuwa ameegemea kiwiko, anamtazama Rajabu. Aliponiona akaweka kidole mdomoni. Nikaufunga mlango nikaenda kusimama uani, juani, mpaka mwadhini akaadhini. Nilihuzunika siku ile kuliko siku alipovunjika mguu.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa, nami nilikuwapo Wafula aliporudi kutoka lindoni. Hakuvua viatu. Alikwenda moja kwa moja kwenye mkanda, akaivuta shata mpaka juu, mwanga ukamwagika chumbani. Kisha akachukua fulana nyeusi, akajifunga usoni, mikono ya fulana ikaning'inia mgongoni, akajilaza.

"Teremsha, yakhe," Rajabu akasema. "Mie nna vidonge vyangu, nalala."

"Hulali. Nimekuona."

"Umeniona nini?"

"Nimekuona unakinga jua na mkono kama mtoto anakinga mvua."

Rajabu akautazama mguu wake. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Wakikukuta umelala tena, ndiyo basi. Wajua hilo."

"Najua. Hiyo ni kazi yangu. Yako ni mguu."

"Basi iteremshe nusu."

"Nusu inasaidia nani? Wewe hutaona nje na mimi sitalala. Wacha iwe."

Wacha iwe, lakini haikuwa. Kwa wiki kadhaa niliishi kama jirani wa wazee wawili wa ndoa. Wafula akishalala, Rajabu anajikokota kwa gongo na kuiteremsha shata. Wafula anahisi, anaamka, anaipandisha, anajifunga fulana upya. Mimi nilizipata habari hizo kwa Wanepali wa ukumbini, waliousikia mkanda ukipanda na kushuka mchana kutwa na wakaniuliza kama wenzangu wanafanya mazoezi. Wakati wa chakula wote wawili walikuwa na adabu ya kupindukia. "Mmeamkaje?" "Tumeshinda salama." Wafula alikuwa amerudia macho mekundu, na Rajabu alimwekea samaki kipande kikubwa. Niliwaambia mara moja kwamba mnaumizana, na wote wakaniambia nile.

Wakamkuta. Alirudi asubuhi moja akiwa na shati la kawaida, sare amekwisha kuirudisha. Akakaa kitandani, akatuambia kwamba alifumba macho kidogo tu pale kwenye ukumbi wa mnara, na alipoyafumbua mudiri alikuwa amesimama mbele yake na mtu mwingine. Hakumtazama Rajabu. Rajabu ndiye aliyelia, mtu mzima, mguu umenyooka mbele yake kama boriti, na Wafula akahamia kitanda chake na kukaa karibu naye. "Sikia," akamwambia. "Ile nyumba nitajenga, hata kama ni tofali moja kwa mwaka. Chumba moja ni yako. Dirisha kubwa, linafungukia ndani kama ya Wajerumani, upande jua linatoka, na hakuna mtu ataweka pazia. Utakuja ulale mpaka uchoke." Wakamsafirisha wiki ile ile. Rajabu alipofunguliwa plasta, kazi yake ya kwanza ilikuwa kuing'oa ile shata na kumpa Msudani, aliyeifanya ukuta wa banda la njiwa wake. Akaja mpangaji mwingine, kijana wa Uganda wa zamu ya usiku, na siku ya kwanza akabandika foili dirishani, juu hadi chini. Nilimtazama Rajabu. Alimsaidia kushika pembe moja.

Mke wangu, ambaye kisa hiki amekisikia mara nyingi kuliko anavyopenda, huuliza ni nani alimponza mwenzake. Sijui. Kama Wafula angemwacha Rajabu gizani, mguu ungepona hata hivyo na Wafula angemaliza mkataba wake. Hesabu hiyo ni rahisi kuifanya ukiwa umekaa dukani Tanga. Mimi nilikuwa kati ya vitanda viwili na sikuona la kufanya. Ninachojua ni kwamba Rajabu alirudi Pemba baadaye, akafanya kazi zake, na kila mwaka Wafula alimpigia simu aje Bungoma aone chumba, na kila mwaka Rajabu alisema mwakani, inshallah. Nadhani alikuwa akiona haya. Presha ikamchukua akiwa hajavuka hata kufika Mombasa. Mazishi sikuyawahi.

Nilisafiri na shata imeviringishwa ndani ya blanketi, basi baada ya basi, makondakta wakiniuliza kama ni mzinga wa vita. Wafula amekuwa mzee wa mvi na kitambi. Alinikumbatia pale getini, akanizungusha nyumba, na ni kweli ameijenga tofali moja moja, maana kila chumba kina rangi ya tofali la mwaka wake. Madirisha yote yana nondo na yanafungukia nje, isipokuwa la chumba cha wageni. "Fundi aliniuliza kama mimi ni mzima," akaniambia. "Ati mvua itaingia ndani. Nikamwambia mwenye chumba anajua madirisha kukushinda." Alilishika mkono, akalifungua, likaja ndani zima bila kukwama, na hewa ya mashamba ya mahindi ikaingia. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Ukutani, juu ya fremu, niliona matundu ya misumari ya blanketi za wageni, na ubavuni msumari mmoja uliobaki.

Nilianza kazi asubuhi, baada ya chai, jua likiwa bado mbele ya dirisha. Shata hufungwa nje, kwa hiyo dirisha litaendelea kufunguka. Hilo nililieleza mara mbili ingawa hakuna aliyeuliza. Mama Nafula alinishikia ngazi. Wafula hakuja. Alikaa barazani, ametupa mgongo, na kila drili ilipolia aliinamisha kichwa kidogo. Nilipomaliza niliingia ndani, nikaushika mkanda, nikaanza kuiteremsha. Chumba kikaanza kuwa giza kuanzia juu, ukuta, kisha kabati, kisha kitanda. Mkono wangu ukasita kabla ya kukaza. Safu moja ya vitundu ilibaki, ya chini kabisa, na nukta za jua zikaanguka juu ya shuka.

"Shem, haijafika chini," akasema Mama Nafula.

"Bado kidogo," nikamwambia, lakini sikuuvuta.

Nilisikia kiti kikisogea barazani. Wafula akaingia, akasimama mlangoni mpaka macho yalipozoea giza, kisha akaja taratibu akakaa ukingoni mwa kitanda. Akazitazama zile nukta. Akaufungua mkono wake wa kulia akauweka chini yake, zikakaa kiganjani. Mama Nafula alinitazama mimi, nami nikautazama mkanda.

"Iache hapo hapo," Wafula akasema.

Nikaufunga mkanda kwenye msumari.